Mwache aonje kwanza: jinsi ya kumpa mtu app aitumie kabla hajaiinstoli wala kukupa ruhusa yoyote

Mpelekee leo app yako mwenye duka la pembejeo pale Tandahimba, au karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) huko Nanyamba, alafu kitu cha kwanza anachokutana nacho kiwe "ruhusu app hii ione kontakti zako". Hapo umeshampoteza. Na sio kwamba hajui simu, anaijua vizuri tu, ila watu wameumizwa. App za mikopo zilikuwa zinaingia kwenye simu, zinabeba kontakti zote, ukichelewa marejesho kidogo meseji zinaenda kwa mkweo, kwa bosi wako, kwa watu wa msikitini kwamba fulani ana deni sugu. Google wenyewe kuanzia 31 Mei 2023 walizikataza app za mikopo binafsi za Play Store kugusa kontakti na picha za mteja, na Novemba 2024 BoT, yaani Benki Kuu, ikatoa orodha ya majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyokuwa na leseni. Kwa hiyo mzee akikushika mkono akakuuliza "mwanangu, hii haichukui namba za watu?" usimuone mshamba, anauliza swali ambalo hata wewe ulitakiwa uwe unauliza.

Kuna na mambo madogo madogo. Simu imejaa picha na video za WhatsApp, nafasi hakuna, ukimwambia adaunlodi MB 40 kwanza inabidi afute video ya harusi ya mdogo wake, na hafuti. Bando lenyewe ni la siku. Na akimaliza yote hayo anafungua anakuta "jisajili", anaweka namba, anasubiri namba ya uthibitisho kwa SMS, mtandao unazunguka, anaiweka simu mfukoni anaenda zake.

Sasa hii guide ni ya sisi tunaotengeneza vitu huku kusini, uwe unajenga app ya duka, ya AMCOS, ya boda au ya fundi cherehani. Jambo lenyewe ni moja, mtu aone jibu lake kwenye skrini, jibu linalomhusu yeye, kabla hujamwomba kitu chochote, iwe MB, namba ya simu au ruhusa. Muuza korosho wa stendi anakumiminia mbili tatu kiganjani kabla hujatoa hata mia, na ukinunua unanunua ulichokitafuna. Watu wa software tunafanya kinyume, tunataka hela, namba na funguo za nyumba alafu ndio tuonyeshe kilichomo.

ANZA KWA KUCHAGUA KIPANDE CHA KUONJESHA

Kosa ambalo naliona sana ni mtu kutaka kuonjesha app nzima. Anatengeneza demo yenye menyu kumi, dashibodi, grafu, ripoti, mtu anaingia anapotea. Chukua swali moja ambalo mteja wako analo kichwani saa hizi, lifanyie ukurasa mmoja, basi.

Tuchukue korosho maana ndio inatuendesha. Bei ya mnada ikitoka, siku hizi kwenye mfumo wa TMX (soko la bidhaa Tanzania), inatangazwa ya juu na ya chini, zinaruka kwenye magrupu ya WhatsApp dakika hiyo hiyo, na kila mkulima swali lake ni lile lile: nimepeleka kilo kadhaa, bei ndio hiyo, makato yakishatoka mkononi naingia na ngapi? Kuna ushuru wa halmashauri, kuna chama kikuu, kuna AMCOS yenyewe, kuna usafiri na ghala. Ukurasa wako uwe na sehemu ya kilo, sehemu ya bei, sehemu ya makato kwa kilo, na chini jibu limeandikwa kubwa. Makato usiyabandike wewe kama yamekwisha kupangwa, yanatofautiana chama na chama na msimu na msimu, mwache ajaze mwenyewe kutoka kwenye karatasi ya chama chake. Akijaza mwenyewe ndio anaamini.

Na namba za mfano unazoziweka kwenye zile sehemu kabla hajagusa kitu, hapa naomba unisikilize vizuri. Weka namba ambazo mtu anaweza kuzipiga kichwani. Kilo 100, bei 1,000, makato 50 kwa kilo, jibu 95,000. Mzee anaangalia, midomo inacheza kidogo, anasema "eeh, tisini na tano, sawa". Hapo ameshaikagua mashine yako na imefaulu mtihani wake, sasa ndio anafuta mia anaweka kilo zake za kweli. Ukimwekea kilo 847.5 na bei 3,465 jibu linakuja refu lenye desimali, hawezi kulihakiki, anabaki kukuamini au kutokukuamini wewe, na yeye hakujui.

Sababu ya pili ya kuweka 1,000 ni usalama. Ukiweka bei inayofanana na ya kweli, kuna mtu atapiga skrinshoti, ataitupa kwenye grupu la wakulima, jioni Newala nzima inasema bei ya mnada imetoka. Kwa hiyo neno MFANO liwe kubwa, liwe katikati ya lile box la jibu kabisa, lisikae pembeni ambapo mtu anaweza kulikata kwenye picha, na liondoke lenyewe akianza kuandika namba zake.

IWEKE KWENYE LINKI

Kipande ulichochagua kiweke kwenye ukurasa wa kawaida wa wavuti, kinafunguka kwenye brauza, hamna kuinstoli. Pa kuuweka bure papo, GitHub Pages, Cloudflare Pages, Netlify, chagua moja usihangaike kulinganisha, zote zinakupa na https, ambayo unaihitaji maana bila https brauza hazikubali service worker (nitaieleza chini kidogo) wala kusoma lokesheni.

Uzito wa ukurasa ndio pa kukomaa. Mimi nasema usizidi KB 200 kila kitu ndani, na inawezekana kabisa kama hutavuta fremuweki nzima kwa ajili ya kujumlisha na kutoa. Fonti tumia zilizopo kwenye simu ya mtu, picha moja ndogo au usiweke kabisa, na zile video za kujicheza zenyewe hapana. Usijipime kwa wifi ya ofisini Shangani. Panda gari nenda hata Msimbati, au kama huwezi ingia kwenye setingi za simu ilazimishe itumie 3G, alafu fungua ukurasa wako uone unavyokuja.

Alafu hakikisha ukishafunguka mara moja unafanya kazi hata data ikizimwa. Ndio kazi ya service worker, inahifadhi ukurasa kwenye simu, mtu akirudi kesho akiwa shambani hamna mnara anakuta hesabu inapigika. Sio anasa hii. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika intaneti ya nchi nzima ilikuwa hoi, na siku chache kabla ya hapo kimbunga Hidaya na mvua zake zilikuwa zimekata barabara ya kwenda Dar huko Kilwa. Mtu wa kusini ukimwambia "inahitaji mtandao muda wote" anakuangalia tu.

Kuna faida nyingine ya hiyo kitu ambayo wengi hawaifikirii, inakusaidia kumthibitishia mtu kwamba huchukui taarifa zake. Mwambie azime data, apige hesabu, jibu linatoka. Mjanja atakwambia "inaweza ikatuma baadaye nikiwasha", na yuko sahihi, kwa hiyo huyo mwambie afungue linki kwenye tabu fiche (incognito), azime data, apige hesabu, afunge tabu zote, ndio awashe. Chini ya jibu andika sentensi moja ya Kiswahili cha kawaida: hesabu hii inabaki kwenye simu yako. Ila uiandike kama ni kweli. Kama nyuma yake umechomeka takwimu za Google na pikseli ya Facebook, usimwambie mtu hivyo, na jibu sahihi sio kufuta sentensi, jibu ni kutoa hivyo vidude kwenye ukurasa wa kuonja.

Linki yenyewe iwe fupi ya kusomeka kwa mdomo. Huku mambo yanaenda kwa kuambiana, mtu yuko kwenye daladala ya Mikindani anamtajia mwenzie, akishindwa kuitaja hiyo linki imekufa. Na ukiitupa Facebook au Instagram ujue ina mtego, hizo app zinafungua linki kwenye brauza yao ya ndani, alichohifadhi mtu humo hakionekani akija kufungua kwa Chrome, na kitufe cha kuweka kwenye skrini ya mwanzo hakiji. Weka mstari mdogo wa "fungua kwenye Chrome" unaojitokeza hapo tu.

AJISAJILI BAADAYE, NA KAZI YAKE ISIPOTEE

Mtu ameshapiga hesabu ya mzigo wa kwanza, anataka kuweka na wa pili na wa tatu. Mwache. Hifadhi kwenye simu yake mwenyewe, localStorage inatosha kwa vitu vidogo, vikiwa vingi tumia IndexedDB, kila rekodi ipe kitambulisho chake cha kipekee hapo hapo kwenye simu usisubiri seva ndio itoe namba. Siku akiamua kufungua akaunti rekodi zote zinapanda kama zilivyo, hazigongani na za mtu mwingine. Hiki ndio kipimo cha mgeni aliyetendewa vizuri, amejisajili na amekuta mizigo yake yote mitatu iko pale pale. Kuna app kibao zinamwacha mtu ajaribu, akijisajili zinamfungulia ukurasa mweupe aanze upya, na hapo hata mvumilivu anatukana.

Lini umwambie ajisajili? Pale tu anapotaka kitu ambacho bila akaunti hakiwezekani, mfano anataka kuona mizigo yake kwenye simu ya mke wake, au anaogopa simu ikiibiwa. Abonyeze mwenyewe "hifadhi nisipoteze", ndio umwombe namba. Kabla ya hapo umwambie ukweli kwamba vitu viko kwenye simu hii tu. Na kwa wenye iPhone umwambie zaidi, maana Safari tangu 2020 inafuta vitu vilivyohifadhiwa na tovuti kama mtu katumia Safari siku 7 bila kuigusa tovuti hiyo, isipokuwa akiwa ameiweka kwenye skrini ya mwanzo. Huku wenye iPhone sio wengi, ila mara nyingi mmoja wao ndio mwenyekiti.

Kuhusu kuinstoli, kwa Chrome ya Android brauza inakupa tukio linaitwa beforeinstallprompt, likamate ulifiche, usilitoe mtu anapoingia. Toa kitufe chako "weka kwenye simu" baada ya kupiga hesabu mara kadhaa au akirudi siku nyingine, hapo ameshajua anaweka nini. iPhone haina hilo tukio, unamwelekeza kwa maneno aende kwenye kitufe cha kushea achague kuweka kwenye skrini ya mwanzo.

RUHUSA

Zamani kwenye Android ulikuwa unakubali ruhusa zote kwa mkupuo wakati wa kuinstoli, ukikataa moja hupati app. Android 6.0 ya 2015 ndio ilileta utaratibu wa kuomba moja moja app ikiwa inatumika, Android 11 ikaleta "mara hii tu", Android 12 ikamwezesha mtu kutoa lokesheni ya kukadiria badala ya kamili, Android 13 hata arifa zikawa za kuombwa. Yaani mlango upo wazi wa kumheshimu mtu, lakini bado unakuta app inaanza na viboksi vinne mfululizo, ruhusu, ruhusu, ruhusu, ruhusu. Na kuanzia Android 11 mtu akikataa ruhusa fulani mara mbili, mfumo hautamwonyesha tena kile kiboksi, mpaka aende mwenyewe kwenye setingi. Una nafasi mbili tu, usiichome moja kwenye sekunde ya kwanza mtu akiwa hata jina la app hajalisoma.

Swali la kwanza kwa kila ruhusa ni, kwani naihitaji? Nyingi huzihitaji.

Kamera, kwa mfano. Unataka mtu apige picha ya stakabadhi ya ghala. Kwenye ukurasa wa wavuti input ya aina ya file yenye accept ya image na capture ya environment inafungua kamera ya simu yenyewe, anapiga, picha moja inarudi kwako, huna ruhusa ya kamera na huijui galari yake. Kwenye app ya Android ni hivyo hivyo, muachie kazi kamera ya simu, na kwa picha zilizokwisha pigwa tumia kichagua picha cha mfumo, anachagua moja unapewa hiyo moja.

Kontakti. Unataka amtumie mwenzie hesabu? Kitufe cha kushea kinamfungulia WhatsApp anachagua mwenyewe, wewe hukuona namba hata moja. Unataka aweke namba ya mteja wa mkopo wa dukani? Aiandike, au umpe kichagua kontakti cha mfumo, atakupa mtu mmoja.

Lokesheni. Kujua mtu yuko kata gani huhitaji setelaiti, weka orodha ya wilaya na kata achague, Mtwara na Lindi zote hazizidi dakika moja kuskroli. GPS iombe kwa kazi ya kupima ukubwa wa shamba, anapobonyeza "anza kuzunguka shamba", na hapo hata hatashangaa. SMS ndio kabisa usiguse, Google tangu 2019 wanazitoa Play Store app zinazosoma meseji bila sababu ya msingi, na huku ukisema unataka kusoma meseji mtu anawaza M-Pesa yake.

Ruhusa iliyobaki ya lazima iombe kwa hatua mbili. Kwanza skrini yako mwenyewe, kwa maneno yako, unasema unataka nini na akikataa nini kitatokea, yenye vitufe viwili vya ukubwa sawa, "endelea" na "hapana, nitaandika mwenyewe". Akibonyeza endelea ndio kiboksi cha Android kinakuja. Akibonyeza hapana hujaichoma ile nafasi, na kazi inaendelea kwa njia ya kuandika. Hiyo njia ya kuandika lazima iwepo kweli, na iwe nzuri, usimtengenezee adhabu ya kujaza sehemu kumi na tano kwa sababu amekunyima GPS.

Maneno yenyewe yawe hivi: "Tunataka kutumia GPS ukiwa unazunguka shamba ili tupate ekari. Ukimaliza kuzunguka tunaizima." Hayo ya "ili kuboresha uzoefu wako" waachie wengine.

UPANDE WA OFISI

Kuna wakati anayeonja sio mtu na simu yake bali chama au duka, na wewe ndio unataka uingie kwenye vitabu vyao. Hapa hofu inaongezeka kwa sababu karani akikosea anaulizwa kwenye mkutano mkuu. Usianze kwa kuomba nenosiri la kompyuta wala la mfumo wao. Kamwe. Hata wakikupa kwa hiari kataa, maana siku kitu kikipotea jina la kwanza kutajwa ni lako.

Watengenezee chama cha mfano. Kwenye ukurasa wa kuingia weka vitufe vitatu: angalia kama karani, angalia kama mwenyekiti, angalia kama mkulima. Anabonyeza anaingia, hamna nenosiri, anakuta wakulima wa kubuni, mizigo ya kubuni, ghala lina vitu. Akiwa karani anapokea mzigo, akitoka akaingia kama mwenyekiti anaona ule mzigo umeingia kwenye ripoti. Hii inauza kuliko maelezo yote utakayotoa, maana kila mtu kwenye kile chumba anaona kiti chake. Hifadhidata ya demo iwe mbali na ya kweli kabisa, ijisafishe yenyewe kila usiku, na utumaji wa SMS uwe umezimwa kwenye msingi wa mfumo wenyewe, sio kwa kuficha kitufe tu. Fikiria karani anajaribu, anaandika namba ya simu ya mkulima wa kweli kwa mazoea, na mfumo unamtumia "malipo yako ya 2,400,000 yamekamilika". Huyo mkulima anakuja ofisini kesho asubuhi na mapema, na haji peke yake.

Usichukue daftari la kweli la wakulima ukaligeuza data ya mfano, hata kama umebadilisha herufi mbili tatu za majina, kijijini watu wanajuana kwa kilo. Na kisheria pia haiko sawa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kufanya kazi 1 Mei 2023. Kama mnataka kujaribu na data yao halisi, watoe wao nakala ya Excel isiyo na majina wala namba za simu, mwaka mmoja tu. Kama wanatumia Google Sheets omba ruhusa ile finyu inaitwa drive.file, inakupa faili alilochagua mtu na sio Drive nzima. Na kama lazima uingie kwenye mfumo wao, iwe akaunti yako ya kusoma tu, ina tarehe ya kufa, wao ndio wanaifunga.

APK NA PLAY STORE

Kuna watu watataka app kamili ya Android, sawa. Ila ile ya kutumiana APK (faili la kuinstolia app) kwa WhatsApp au Xender siipendi kwa mtu anayeonja, kwa sababu unamfundisha kuzima onyo la simu ili akufurahishe wewe, na wiki ijayo tapeli anamletea APK nyingine anakubali kwa mazoea. Tumia njia za majaribio za Play Store, kufungua akaunti ya mtengenezaji ni dola 25 mara moja, majaribio ya ndani yanakubali mpaka watu 100 kwa barua pepe zao. Na kama akaunti yako ni ya binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, kabla ya kutoka hadharani lazima upate wajaribu 12 wanaokaa siku 14 mfululizo (mwanzo walikuwa 20, wakapunguza Desemba 2024), kwa hiyo wale uliowaonjesha kwa linki ndio hao hao unawaomba, hata hutahangaika kutafuta watu wa kununua. Zile app za papo hapo za Google, Play Instant, usipoteze muda, walishatangaza kuzifunga Desemba 2025.

MUDA WA KUJARIBU

"Jaribu bure siku 14" ni kitu cha watu wenye mshahara wa kila mwezi. Korosho inaanza kuuzwa Oktoba hivi mpaka Januari, ufuta minada yake inakuja katikati ya mwaka. Umempa mtu siku 14 mwezi wa tatu, atajaribu nini, mvua? Siku zinaisha kabla hajapima kilo moja. Hesabu kwa kazi badala ya kalenda, mizigo 30 ya kwanza bure, au risiti 50 za kwanza, au msimu mmoja kwa chama. Na isifike thelathini alafu ghafla imefunga, ikifika 25 imwambie zimebaki tano, ikifunga imfungie kuongeza tu, vya zamani aendelee kuviona na kuvitoa.

Njia ya malipo usiiombe wakati wa kuonja, hata ukiwa unasema hutamkata. Haaminiki mtu hapo.

MUWEKEE SIMU MKONONI, YAKE SIO YAKO

Nanenane ya kusini iko Ngongo pale Lindi, na magulio yapo, minada ipo. Chapisha QR kubwa na chini yake ile linki fupi kwa herufi, uwe na hotspot yako ili asitumie bando lake. Alafu simu ashike yeye, na iwe yake, ukimpa yako anaona inavyofanya kazi kwenye simu yenye RAM ya kutosha na kioo kizima. Kwenye yake yenye kioo kilichopasuka kona ndio utajua kama kitufe chako kimeangukia kwenye ufa.

Na ukimkabidhi, nyamaza. Mama mmoja wa vitenge pale sokoni Mtwara mjini, nimemsalimia shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamfungulia ukurasa wa daftari la madeni, akawa anabonyeza jina la mteja wa mfano, anarudi, anabonyeza tena, anarudi. Nilitaka sana kumwonyesha nikajizuia. Mwisho akasema, "huyu ameshalipa nusu, sasa hiyo nusu naiandika wapi?" Ilikuwepo, kitufe cha kijivu pembeni, hakukiona kabisa. Hilo ndio unalolitafuta kwenye kuonjesha, na hulipati kwa mtu ambaye umemwelekeza kwa kidole.

Cha mwisho, mlango wa kutokea. Kwenye ukurasa ule ule wa kuonja weka "futa kila kitu nilichoandika", kifanye kazi bila akaunti, bila kuuliza sababu, kikimaliza kirudishe zile namba za mfano, kilo 100 na bei 1,000. Kwa wenye akaunti Google siku hizi wanakulazimisha uwe na njia ya kufuta akaunti ndani ya app na nyingine kwenye wavuti kwa aliyekwisha iondoa app, kwa hiyo ijenge mapema. Na ijaribu mwenyewe kwa simu ya mtu mwingine: jaza, futa, zima simu, washa, fungua tena uangalie kama kuna hata jina moja limebaki.